Zile nyota tano mmeipa mbeleko au mmeipa picha?

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Najua barua ndefu huwa mnazipunguza ila hii msiipunguze sana, naiandika kwenye simu kwa kidole gumba huku mtoto kalala kifuani na nikikaa tu anaamka, kwa hiyo natembea sebuleni toka ukuta huu hadi ule, makosa ya herufi mtanisamehe.

Nimesoma ile makala yenu ya ukurasa wa familia iliyolinganisha mbeleko za kisasa, mkagawa nyota, starehe nyota kadhaa, kutumika kwa namna nyingi nyota kadhaa, thamani ya pesa nyota kadhaa, na pembeni picha kubwa ya mama anacheka. Imepangika vizuri sana. Ila nimesoma mpaka mwisho sijaona popote mwandishi anasema alibeba mtoto wa kilo ngapi, kwa muda gani, na yeye mwenyewe ni mrefu au mfupi, ana mabega mapana au membamba. Sasa hizo nyota zimetoka wapi? Maana mbeleko ni kama kiatu, huwezi kuniambia kinabana au hakibani bila kuniambia mguu ni wa nani, tena hiki ni kiatu cha watu wawili kwa wakati mmoja na mmoja wao anaongezeka uzito kila wiki.

Mi ni baba wa watoto watatu na wote nimewabeba sana, zamu za usiku zote zilikuwa zangu. Mama watoto ni mfupi, mi ni mrefu wa kuinama mlangoni, na hilo peke yake limetufundisha mengi kuliko maelezo ya kwenye boksi.

Ya kwanza tuliyonunua ilikuwa ya klipu, ile ambayo pale anapokalia mtoto pana upana wa kiganja tu halafu miguu inaning'inia kama soksi kwenye kamba. Haikuwa na mshipi wa kiunoni, mikanda miwili ya mabegani basi. Muuzaji akasema hii inafanya kila kitu, mtoto anaangalia mbele, anaangalia nyuma, inakunjika inaingia kwenye pochi. Wiki za mwanzo mtoto ana kilo 4 nikaona kweli nimepata kitu, natembea najisikia baba wa kwenye tangazo. Alipofika miezi mitano nikawa nikiivua nabaki na alama nyekundu mabegani na shingo haigeuki. Nikadhani mi ndo mlegevu. Kumbe hesabu yake ni ndogo tu, mtoto akifika miezi mitano hivi uzito wa kuzaliwa unakuwa umezidishwa mara mbili, akifika mwaka umefika mara tatu, kwa hiyo mbeleko unayoijaribu dukani na kichanga inakudanganya, haijaanza kazi. Nyota za starehe za kilo 4 sio nyota za starehe za kilo 10, na hapo ndo ugomvi wangu mkubwa na makala yenu ulipo.

Basi nielezee starehe kama mgongo wangu ulivyoielewa. Mzigo ukiwa mabegani tu unaning'inizwa kwenye misuli ya shingo na ya juu ya mgongo, misuli ambayo haikuwekwa pale kwa kazi hiyo siku nzima. Ukiwa na mshipi mpana wa kiunoni uliokaza vizuri, sehemu kubwa ya uzito inashuka kwenye mifupa ya nyonga halafu miguu inaubeba. Lakini wengi tunaufunga vibaya, tunauweka chini sana kama mkanda wa suruali, mtoto anakaa chini tumboni, kichwa chake kinagonga kwenye mbavu zako, na mzigo ukishakuwa chini na mbali na mwili unakuvuta mbele na wewe unajikunja kwa nyuma kufidia, baada ya nusu saa kiuno kinawaka moto. Panda nao juu kidogo, kaza, halafu inamisha kichwa, kama unaweza kumbusu mtoto utosini bila kujikunyata basi yuko sehemu yake. Kuna watu wameiacha mbeleko nzuri kabatini eti inaumiza wakati shida ilikuwa sentimita chache tu.

Halafu kuna ile klipu ya nyuma, inayounganisha mikanda miwili ya mabega. Jamani hiyo klipu. Inatakiwa ikae usawa wa katikati ya mabega, sasa kama mkono wako haufiki huko unafanyaje na uko peke yako na mtoto analia? Mama watoto alikuwa anatoka nje kutafuta mtu wa kumfungia. Suluhisho ni kuifunga kabla, ukaivaa kama unavaa fulana, au kutafuta mbeleko ambayo mikanda yake inakatiza mgongoni kama herufi X, hiyo kwa mtu mwenye mabega membamba ndo mkombozi kwa sababu mikanda haiteremki. Mi kwenye X najisikia nimefungwa kamba, napenda ya kuvaa kama begi. Mnaona? Mbeleko hiyohiyo, nyumba hiyohiyo, nyota mbili tofauti.

Kuhusu mtoto mwenyewe, maana starehe sio ya mbebaji tu. Wanaoshughulika na matatizo ya nyonga za watoto wanashauri mtoto akae kama chura, mapaja yashikiliwe toka goti hadi goti, magoti yapande juu kidogo ya makalio, ukimtazama kwa mbele miguu na makalio vinachora herufi M. Miezi sita ya mwanzo ndo nyonga bado laini kabisa kwa hiyo ndo muda wa kuzingatia zaidi. Sisemi ile yetu nyembamba ilimuumiza mwanangu, hapana, anakimbia vizuri tu na anavunja vitu. Nasema kwamba mapaja yakishikiliwa mtoto anakuwa amekaa, yasiposhikiliwa anakuwa ananing'inia kwa suruali yake, na wewe mwenyewe jaribu kuning'inizwa kwa suruali uone kama utampa mtu nyota.

Mtoto wa pili tukaenda kwenye kitambaa kirefu cha kuvutika, kile cha mita kama 5 unajizungushia mwilini. Siku ya kwanza nilijiviringisha mpaka watoto wakanicheka, kitambaa kinaburuza chini, sijui mwanzo uko wapi mwisho uko wapi. Siku ya nne nikawa naweza gizani. Kwa kichanga sijaona kitu kinachokishinda, hakina saizi kwa hiyo mama mfupi na baba mrefu tunatumia kimoja bila kurekebisha chochote, uzito unasambaa mgongo mzima, mtoto anatulia kama amerudi alikotoka. Lakini ni cha msimu. Akikaribia kilo 7 au 8 kinaanza kulegea, kila baada ya dakika kumi na tano mtoto kashuka unakaza upya. Na kwa vile kinavutika sio cha kubebea mgongoni, mtoto akijinyoosha anaweza kuchomoka. Tena joto lake msiulize, tabaka tatu za kitambaa na mtu mwingine juu yake, ukimvika mtoto nguo nzito unamchemsha, hesabu kila tabaka la kitambaa kama nguo moja. Kipo kile cha kufumwa kisichovutika, hicho kinabeba toka kichanga mpaka anayekimbia, mbele, ubavuni, mgongoni, kama ni kutumika kwa namna nyingi basi bingwa ni huyu, ila ujue unalipia kwa subira ya kujifunza na wengi wanaishia njiani. Mi niliishia njiani.

Ya pete tuliitumia pia, kile kitambaa kimoja cha begani chenye pete mbili za kukazia. Watu wanaisema vibaya kwa sababu inakaa bega moja, na kweli ukiivaa saa nzima na mtoto mkubwa bega linalalamika. Ila mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayetaka kushuka, kupanda, kushuka, kupanda, niambieni ni ipi nyingine utaivaa na kuivua mara ishirini kwa siku. Inavaliwa kwa sekunde chache, inakaa kwenye begi kama skafu. Ninyi mliipa nyota mbili za starehe. Kwa dakika ishirini za kubembeleza ni tano.

Yale mabegi ya fremu ya chuma, ya kupandia milima, sina la kusema zaidi ya kwamba ni mazuri kwa mtoto anayekaa mwenyewe na kwa mtu anayetembea mbali kweli, kwa mzunguko wa nyumbani ni sawa na kubeba kiti.

Na kuna mbeleko yenyewe sasa, ile ambayo lugha yetu iliipa jina kabla ya hizi zote, kitambaa kimoja tu na mafundo mawili. Kwenye makala yenu haikutajwa hata kwa mstari, kama vile haipo. Kwa mtoto ambaye shingo imekomaa, mgongoni, hiyo inafungua miguu yake ikamzunguka mbebaji yenyewe bila mhandisi, mikono yote miwili inabaki huru, inafuliwa na kukauka haraka, haina klipu ya kuvunjika. Ubaya wake ni kwamba usalama wote uko kwenye fundo na kwenye ujuzi wa mfungaji, na kifua kinabanwa, mi ikifungwa kwapani pumzi inakuwa fupi. Lakini wenzetu wa dukani wanajua deni lao. Snugli, mojawapo ya mbeleko za kwanza za kuuzwa sana Marekani, ilitoka kwa nesi anayeitwa Ann Moore aliyekaa Togo na Peace Corps, lile shirika la Wamarekani wa kujitolea, miaka ya 1960, akaona kina mama wanavyobeba watoto mgongoni, aliporudi kwao akapata mtoto akajaribu kufunga hivyohivyo ikawa inamteleza, akamwomba mama yake mzazi amshonee kitu chenye mikanda, hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, ikatoka mwaka 1969. Ujerumani nako Erika Hoffmann alikuwa na mapacha, akawabeba kwa kitambaa cha kienyeji kilichotoka Mexico, watu wakamuuliza sana mpaka akaanzisha kampuni ya mbeleko ya Didymos mwaka 1972. Sasa unapoandika makala ya mbeleko ukamwacha mama yao wote nje, usitupe mbachao kwa msala upitao, basi hata mstari mmoja jamani.

Nirudi kwenye hiki kitu mnachokiita kutumika kwa namna nyingi. Mtoto wa tatu tukanunua ya klipu nzuri, yenye mshipi wa kiuno na kikalio kinachoongezwa upana mtoto akikua, boksi linajisifu ina namna nne za kubeba, mbele akikutazama, mbele akitazama nje, ubavuni, mgongoni. Mkaipa nyota tano kwa hizo nne. Nimeitumia karibu mwaka mzima na nikiwa mkweli natumia mbili. Ubavuni nilijaribu mara moja, mikanda ikawa kama fumbo. Kutazama nje mtoto anapenda kweli, ila mpaka shingo iwe imara kabisa, na muda mfupi, kwa sababu akichoka hana pa kulaza kichwa wala pa kujificha na dunia yote iko usoni kwake, akianza kusinzia unamgeuza. Kwa mgongo wangu pia ndo namna mbaya kuliko zote, mtoto anaegemea mbele badala ya kuniegemea mimi. Mgongoni ndo hazina, akishakaa mwenyewe, miezi sita na kuendelea, kilo 9 mgongoni ni nyepesi kuliko kilo 7 kifuani, na unaona unapokanyaga.

Kwetu sisi namna ya tano ambayo haikuandikwa kwenye boksi ndo iliyotufaa kuliko zote nne, kubadilishana mbebaji. Mikanda inayovutwa kwa mbele, huku na huku, mtu anaongeza na kupunguza mtoto akiwa ndani. Ile ya kwanza kila zamu ilikuwa ugomvi, nani kalegeza mkanda, nani kaukaza, mtoto analia katikati. Hiyo haina nyota kwenye jedwali lenu lakini kama nyumbani mnabeba wawili au watatu iulizeni kabla ya rangi.

Thamani sasa. Makala inasema ya bei ya juu ndo thamani kwa sababu itadumu mpaka kilo 20. Ni kweli nyingi zimeandikwa kuanzia kilo 3 na nusu hivi hadi 15 au 20, lakini hiyo namba ni ya kile kitambaa na klipu zinachostahimili, sio ahadi kwamba mtoto wa miaka mitatu atakubali kubebwa au wewe utaweza. Mi napiga hesabu ya siku. Gawanya bei kwa siku ulizoivaa kweli. Kile kitambaa cha kuvutika kilikuwa rahisi na nilikivaa kila siku kwa miezi mitano, kimejilipa chenyewe mara nyingi. Ile ya kwanza ilikuwa rahisi pia na ikakaa kabatini, hiyo ndo ghali kuliko zote nilizowahi kununua. Na iliyotumika ukipewa usione aibu, kitambaa kilicholainika kwa kufuliwa kinafungika vizuri kuliko kipya, ila kagua, vuta kila mshono kwa nguvu, bonyeza kila klipu usikilize ule mlio wa kujifunga, angalia plastiki kama haijapauka au kuwa na ufa, na kwenye pete hakikisha pale zilipounganishwa hapaachii.

Faida nyingine ni utulivu. Kuna jaribio lililofanywa Kanada, likachapishwa 1986, watafiti ni Hunziker na Barr, wazazi wakaongeza kubeba watoto wao wasiopungua saa tatu kwa siku, watoto wakifika wiki ya sita walilia asilimia 43 chini ya wengine. Wauzaji wanaipenda hiyo namba kama sala. Ila huyohuyo Barr na wenzake walirudi mwaka 1991 kwa watoto ambao tayari wanalia kupita kiasi, na kubeba zaidi hakukuleta tofauti ya maana. Kwa hiyo mwenye mtoto wa tumbo linalomsumbua asije akajilaumu kwamba kanunua mbeleko mbaya. Wetu wa pili alikuwa hivyo, alilia ndani ya mbeleko na nje ya mbeleko, tofauti ni kwamba ndani mi nilikuwa na mkono wa kushikia chai, na hata hiyo chai sikupaswa kuishika, cha moto na mtoto kifuani havikai pamoja.

La mwisho ndo limenifanya niandike, nyota zingine ningewaachia. Makala nzima haina neno juu ya pumzi ya mtoto. Mwezi Machi 2010 mamlaka ya usalama wa bidhaa Marekani ilitoa onyo kuhusu mbeleko za mfuko, vifo 14 katika miaka 20, wengi wao watoto wa chini ya miezi minne, na mwezi huohuo mbeleko za mfuko zipatazo milioni moja zikaitwa zirudishwe na kampuni iliyoziuza. Zilikuwa zinamlaza mtoto amejikunja kama ndizi, kidevu kinagusa kifua, na kichanga akiwa hivyo njia ya hewa inabanwa, hana nguvu ya kuinua kichwa na halii, ananyamaza tu, mzazi anadhani kalala. Ndiyo maana wanaofundisha kubeba wanasisitiza mtoto awe amekazwa, uso uonekane muda wote, awe karibu kiasi cha kumbusu, kidevu kiwe mbali na kifua angalau nafasi ya kidole kimoja au viwili, na mgongo ushikiliwe asiporomoke. Kama mtoto alizaliwa kabla ya siku zake au ni mdogo sana kwa uzito, mwulize daktari kwanza. Haya yote yangeingia kwenye kibox kimoja pembeni ya zile nyota, hata mngefuta rangi mbili.

Sasa chukueni hiyo picha yenu tena, ile kubwa. Mama anacheka, taa nzuri, kitambaa kizuri. Mtoto kakaa chini usawa wa kitovu, pua imezama kwenye kitambaa, kidevu kiko kifuani. Imepewa nyota tano. Naomba toleo lijalo muirudie hiyo picha, hata kama jedwali mtaliacha lilivyo.

Baba wa watatu
(huyu wa mwisho ameshaamka)